Unga wa Dada Yangu

Nimeosha matumbo ya ng'ombe na mbuzi pale Kikopey, kwenye vibanda vya nyama kando ya barabara ya Nakuru, kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijawahi kuona kinyaa. Wateja hunitazama nikigeuza utumbo ndani nje, nikikwangua ule uchafu wa kijani kwa kisu, wakaziba pua, na mimi naendelea kuongea nao kama mtu anayemenya viazi. Uchafu wa mnyama ni majani aliyokula asubuhi, basi. Kinyaa nilikijua nikiwa na miaka arobaini na minane, na hakikutoka kwenye karai. Kilitoka kwenye mkebe wa plastiki uliojaa unga wa kahawia, niliokuwa nikijilisha kwa mkono wangu, kijiko asubuhi na kijiko jioni.

Ilianza na mikono. Mwezi mmoja wa Julai, baridi ikiwa imekaza, niliamka nikashindwa kufunga vifungo vya sweta. Vidole vilikuwa vimefura, mkono wa kulia na wa kushoto, vimefanana kana kwamba vimepimwa. Vifundo vilikuwa vyekundu, na nilipoviweka shavuni nilihisi joto lake. Ilifika saa nne asubuhi ndipo vikalegea kidogo nikaweza kushika kisu. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, mpaka fundi wa vyuma akalazimika kunikata pete ya ndoa kwa msumeno mdogo kwa sababu ilikuwa imezama kwenye nyama.

Wenzangu kazini walisema ni maji baridi yameingia kwenye mifupa. Nilikubali, kwa kuwa nilikuwa nimeyashika maji hayo nusu ya umri wangu. Nilinunua vidonge vya maumivu kwa kemisti, nikavimeza juu ya tumbo tupu, nikapata moto mwingine tumboni. Mikono nayo ilianza kunichukiza. Vidole vilikuwa kama mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu, uliojazwa kupita kiasi, ngozi imevutika inang'aa. Siku moja dereva wa lori aliyekuwa akinunua supu kila wiki aliviangalia nikimpakulia, akasema, "Mathe, hiyo mkono iko sawa kweli?" Kisha akaomba bakuli lake lipakuliwe na mtu mwingine. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma.

Dada yangu mkubwa aliishi Nakuru. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kuondoka, na mpaka leo ukiniona nikiziba mdomo ninapokohoa ujue nimefundishwa naye. Alikuwa ameacha kuuza mitumba akaingia kwenye dawa za mimea. Jumapili moja alikuja kunitembelea, akaishika mikono yangu, akaigeuza juu chini kama mtu anayechagua maparachichi, akatoa mkebe kwenye mkoba.

"Hii ni mizizi tu," alisema. "Inasafisha damu, inatoa sumu yote mwilini. Kijiko kwenye maji moto, asubuhi na jioni."

"Mizizi gani?"

"Mingi. Kunywa tu, usiniulize kama daktari."

Ulikuwa unga mwepesi, unanuka moshi na kitu kama chaki. Mdomoni uliacha uchungu uliokaa kwenye ulimi mpaka chakula cha mchana. Nilikunywa Jumapili hiyo jioni. Jumanne asubuhi nilikaa kitandani nikakunja ngumi. Nikakunjua, nikakunja tena. Nilikwenda jikoni nikashika kitambaa kilicholowa nikakikamua mpaka tone la mwisho, na nililia peke yangu mbele ya sinki. Mtu ambaye mwili wake haujawahi kumkatalia hawezi kujua kitambaa kilichokamuliwa kina uzito gani.

Baada ya hapo mtu angeninyamazishaje? Kila mwanamke aliyelalamika goti au mgongo nilimwonyesha mikono yangu. Dada alinipa mikebe nikaisambaza kanisani, sokoni, na kwenye chama chetu cha kuweka akiba. Sikujiona mchuuzi. Nilijiona shahidi.

Jirani yangu alikuwa mzee aliyestaafu ulinzi kule kwenye visima vya mvuke vya Olkaria. Alikuwa na sukari ya miaka mingi na magoti yaliyolia kama mlango mbovu. Mume wangu alipofariki, mzee huyu ndiye aliyekaa na wanaume nje siku zote tatu za matanga bila kwenda kwake. Basi mkebe wake nilimpelekea mwenyewe, zawadi. Mkewe alinifuata mpaka langoni.

"Mama, haitagongana na dawa zake za sukari?"

"Ni mizizi tu," nilimwambia.

Katika maneno yote niliyowahi kusema maishani, hayo matatu ndiyo ninayotamani ningeyatapika kabla hayajatoka.

Miezi ilipita. Niliweza kufanya kazi tangu asubuhi hadi jioni na nilikuwa na njaa isiyoisha. Uso wangu ulianza kuviringika, mashavu yakapanda mpaka macho yakawa madogo. Watu walisema nimenona, nimepata pesa, na mwanzoni nilifurahi. Kisha nyuma ya shingo ikaota nundu laini. Ndevu zikajitokeza kidevuni. Nikigonga mkono mlangoni kidogo tu, ngozi inabaki na doa la zambarau kama nimepigwa. Nilikuwa nikioga bila kujitazama. Mwili niliokuwa nikiupaka sabuni ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyelala ndani ya ngozi yangu, mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba, na sikumpenda. Hata hivyo kila jioni nilichemsha maji na kuchota kijiko. Nilijiambia ni umri.

Siku moja mchana mke wa mzee alinijia kazini, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya. Alisema mzee amekanyaga mwiba wiki mbili zilizopita na kidonda hakimfurahishi. Hakuwa na haraka ya kuongea. Alisema, "Njoo unuse."

Nilivua aproni nikaenda naye. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mguu juu ya stuli, umefunikwa kwa khanga kuukuu kwa ajili ya nzi. Alinisalimia kwa kicheko akaniuliza kama supu imeisha. Mkewe akaondoa khanga.

Najua harufu ya nyama katika siku zake zote. Najua ya asubuhi, ya jioni, na ya ile iliyosahauliwa chini ya friji stima ikapotea. Hii ilikuwa ya utamu uliooza, nzito, iliyoingia kooni kabla ya puani. Kidole gumba na cha pili vilikuwa vimegeuka rangi ya ini. Kati yake palikuwa na shimo lenye kitu cha kijivu, kama ute unaokaa ndani ya tumbo la mbuzi, na ndani ya ute huo kitu kilikuwa kinajisogeza. Niligeuka nikatapika kwenye maua ya mkewe, mimi niliyewacheka wateja miaka yote hiyo.

Lakini kilichonitisha zaidi nilikigundua nilipoinama tena. Mguu ulikuwa kimya. Hapakuwa na wekundu kuzunguka shimo, wala uvimbe, wala joto nilipoweka kiganja. Nyama ilikuwa inaoza na mwili wenyewe haukuonekana kujali.

"Hauumi?" nilimuuliza.

"Hauumi hata kidogo, mama. Si ndiyo maana ninasema hakuna shida?"

Tulimpeleka hospitali Nakuru siku hiyohiyo kwa gari la kukodi. Tabibu aliyetupokea alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa selotepu. Alipima sukari, akaitazama mashine, akapima tena. Kisha akauliza mzee anatumia dawa gani. Mkewe akataja za sukari na za presha, halafu akaniangalia. Nilifungua mkoba wangu nikatoa mkebe, kwa sababu nilitembea nao.

Alifungua kifuniko, akanusa. Hakumtazama mzee tena. Alinitazama mimi, uso, kisha shingo, kisha madoa mikononi.

"Na wewe unakunywa hii?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Karibu mwaka."

Aliweka mkebe mezani taratibu. "Mathe, sura kama yako tunaiona hapa kila mara. Mizizi haifanyi hivyo. Mtu anasaga vidonge vya steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, anachanganya na magome."

Nilimwambia nilikuwa mgonjwa wa mikono na imenisaidia. Hakunibishia. Alivuta kiti akaniambia kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia. Alisema mtu akijichoma mwiba, mwili hutuma askari wake pale. Damu inaongezeka, ndiyo maana panakuwa pekundu na pa moto. Maji yanajaa, pakavimba. Pakauma, ili mtu apachunge. Hiyo ndiyo inflamesheni, na ni kazi ya kupona ikianza. Inafanya kazi siku kadhaa, kisha inatulia.

"Wewe askari wako wamekosea anwani," alisema. "Wanapiga viungo vyako wenyewe na hawaendi nyumbani. Huo ni ugonjwa, una jina na una matibabu. Huyu mzee askari wake walihitajika, lakini sukari ilikuwa imewachosha tayari. Halafu hii unga ikaja ikapandisha sukari zaidi, na ikawaambia wote wakae kimya."

Mke wa mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka kumtazama.

Vidole viwili vilikatwa. Walisema wamewahi, kwamba ingekuwa wiki nyingine wangezungumza habari ya mguu mzima.

Tabibu alikuwa ameniambia wazi, mara mbili, nisiache unga ule ghafla. Alisema mwili ukishazoea dawa hiyo husahau kutengeneza yake, na kwamba nirudi kesho yake anipe vidonge vya kipimo kinachojulikana tuvipunguze polepole. Nilisikia. Lakini nilipofika nyumbani nikafungua kabati nikaona mikebe saba imepangwa, nikanusa ile chaki na moshi, ile harufu ya mguu wa mzee ilirudi kooni. Nilibeba yote saba nikaimwaga chooni, nikasuuza mdomo kwa chumvi mpaka fizi zikawasha. Kesho yake sikwenda hospitali. Niliona aibu kukaa tena mbele ya yule mtu.

Siku ya tatu mikono ilifura kuliko mwanzo. Siku ya nne nilishindwa kusimama. Nilitapika maji, kisha nyongo, kisha hewa. Nililala kwenye sakafu ya jikoni shavu kwenye sementi, nikiona makombo ya ugali chini ya kabati, na nikakosa nguvu hata ya kuyachukia. Mke wa mzee ndiye aliyenikuta. Alikuwa amekuja, nadhani, kunigombeza. Mumewe alikuwa bado wodini. Alinipangusa matapishi shingoni kwa leso yake, akaita watu, na akanisindikiza hospitali ileile.

Niliwekewa dripu na sindano. Kufikia asubuhi niliweza kuketi. Tabibu alipita, akaangalia faili yangu, akasema tu, "Nilikwambia." Nilistahili kukemewa zaidi ya hapo.

Nilipotoka nilikwenda kwa dada. Sikumpigia simu kwanza. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na nilisikia blenda inanguruma. Alikuwa amejifunga kitambaa puani. Mezani palikuwa na magome makavu ndani ya beseni, na kando yake kopo kubwa jeupe la vidonge, la aina inayopelekwa kwa kemisti. Alikuwa akivimimina ndani ya blenda kwa kikombe cha chai.

Alizima mashine. Tulitazamana. Vumbi jeupe lilikuwa limetua kwenye nyusi zake.

"Ulikuwa unajua," nilisema.

"Kujua nini? Kwani wewe ulidhani magome peke yake yalikukunjua vidole?"

"Mzee amekatwa vidole vya mguu."

"Mzee ana sukari. Watu wa sukari wanakatwa vidole kila siku." Alishusha kitambaa kutoka puani. "Nilikukuta unalia huwezi kushika kijiko. Nilikushikisha kijiko. Watu wanataka kuamka waende kazi, hawataki hadithi za damu kupimwa kila mwezi."

"Wewe magoti yako yanakuuma tangu zamani. Mbona huinywi?"

Alichukua kitambaa cha meza akaanza kupangusa vumbi, kwa uangalifu, akilikusanya ukingoni mwa meza na kulirudisha kwenye blenda ili lisipotee. Niliuangalia mkono ule uliowahi kunichana nywele na kunitia vaseline usoni kabla ya shule, nikaona kinyaa kama siku ile ya mguu wa mzee. Nilitoka bila kuaga. Baadaye nilipeleka habari kwa watu wa afya wa kaunti, nikawaelekeza nyumba. Walipofika alikuwa amehama. Nasikia yuko upande wa Rongai. Sijamtafuta, na siku nyingine najikuta nimeshika simu nataka kumuuliza kama amekula.

Kupona kwangu hakukuwa na muujiza wowote wa kusimulia. Vidonge vya steroidi vilipunguzwa nusu kwa nusu kwa miezi. Nikaanzishiwa vingine vidogo vya manjano, mara moja kwa wiki, vinavyonichafua tumbo siku inayofuata, na ambavyo vilichukua wiki nyingi kuonyesha kazi yake. Damu inapimwa ili waone ini langu liko vipi. Nilifundishwa kuchovya mikono kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi na kukunja vidole kimoja kimoja, kupumzika vinapowaka, na kuvitumia vinapotulia, kwa kuwa kiungo kisichotumika hukauka. Kulala vizuri nako ni dawa, walisema, na nilicheka, lakini wiki nisipolala vifundo hunijulisha. Uso ulirudi polepole. Nundu ilibaki kidogo.

Mzee aliporudi nyumbani kidonda kilihitaji kufungwa kila siku, na macho ya mkewe hayaoni karibu. Nikasema nitafanya mimi. Hakuna aliyeniomba. Kila saa kumi na moja jioni nilinawa, nikavaa glovu, nikafungua bandeji, na kila siku nilipumua kwa mdomo nikaendelea. Nilisafisha kwa maji ya chumvi kama muuguzi alivyonionyesha. Wiki ya tatu kingo zikawa nyekundu kidogo, na joto. Niliogopa nikamkimbilia muuguzi. Alikuja akakibonyeza pembeni, akatazama kama kuna usaha, akasema hapana, hii siyo mbaya, hapa nyama imeanza kuamka. Aliniambia nirudi nikiona wekundu unapanda mguuni.

Mzee hakuwahi kunilaumu. Siku moja nikimfunga alisema, "Mama, ile dawa yako, goti lilikuwa limepona kabisa." Akacheka. Mkewe hakucheka. Alisimama akaenda jikoni, na nilisikia sufuria zikiwekwa kwa nguvu. Mpaka leo ananisalimia, ananiletea maziwa, na hajaniambia kwamba amenisamehe.

Kisha nikaenda kwa wale wanawake niliowapa mikebe, nyumba moja baada ya nyingine. Wengine walinishukuru. Mmoja aliniita mnafiki mbele ya watoto wake, na nikakaa nikamsikiliza mpaka akamaliza. Wote niliwaambia wasiache ghafla, nikawaeleza sakafu ya jikoni yangu bila kuficha matapishi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya muuza mboga mwembamba anayeishi nyuma ya soko la Gilgil. Alinisikiliza mikono yake ikiwa mapajani, na niliona vifundo vyake, sawasawa na vyangu vya kwanza.

"Nimeelewa," alisema. "Sasa niambie huo unga unapatikana wapi. Wangu umeisha."

"Si nimekwambia ni sumu?"

"Kabla ya hiyo dawa nilikuwa nikioshwa na binti yangu. Kuoshwa, unanielewa? Wewe una daktari wako Nakuru. Mimi nina nini?"

Nilimuuliza umeisha lini, akasema jana. Nilimwambia basi hatuna muda wa kubishana, avae sweta. Tulifika hospitali kabla ya saa sita, tukakaa kwenye benchi la nje, na mwanamke yule aliponiuliza huyo tabibu ni mtu wa namna gani nilimwambia ni mtu wa kusema ukweli, na kwamba atamshika vidole kimoja kimoja na kumuuliza ni kipi kinauma zaidi.